Klachi Inayoogelea Ndani ya Oili



Leo nazungumza na wenye magari ya otomatiki, yale ya kanyagio mbili. Zamani hapa kwetu Mboko tuliona Land Cruiser na malori tu, magari ya kanyagio tatu, na mtu aliyejua kubadilisha gia vizuri kwenye mlima aliheshimiwa. Siku hizi yameingia haya madogo ya Kijapani. Yanashushwa Dar es Salaam, yanapitia Kigoma au Burundi, yanatufikia usukani ukiwa kulia ingawa sisi Kongo tunapita upande huo huo wa kulia wa njia. Mengi ni otomatiki. Na mengi, miaka miwili mitatu baada ya kufika, yanalala chini ya miembe yakingoja giaboksi nyingine itoke mbali. Kila nikipita hapo naumia moyo, kwa sababu baadhi yake hayakuhitaji giaboksi.

Kwanza tupatane juu ya majina. Sisi huku, kwa sababu ya Kifaransa, tunasema ambreyaji. Mimi ufundi niliuanza upande wa Kigoma, miaka ile tulipokimbia vita tukaishi Lugufu na Nyarugusu, na kule wanasema klachi. Spea nazo zinakuja na majina ya kule. Kwa hiyo leo nitasema klachi na giaboksi, na wewe wa ambreyaji utanielewa.

Ukimwuliza mtu kama gari la otomatiki lina klachi, atakwambia halina, na ndiyo maana halina kanyagio yake. Sivyo. Linazo, tena kadhaa. Mimi leo nina moja tu akilini, iliyofichwa kuliko zote. Imefungiwa ndani ya chombo kinachoitwa konveta, inaogelea ndani ya oili, na haiongozwi na mguu wako. Ili tuielewe, lazima tuanze na konveta yenyewe.

Mama anapika uji. Anazungusha mwiko, na uji unazunguka. Dondosha jani juu ya ule uji: nalo linazunguka, ingawa mwiko haukuligusa. Konveta inafanya kazi hiyo. Ni mtungi wa chuma wa mviringo, umechomelewa pande zote, umekaa kati ya injini na giaboksi, umejaa oili. Ndani yake kuna feni mbili zinazotazamana. Ya kwanza imeshikamana na mtungi, na mtungi umefungwa kwa bolti kwenye injini, kwa hiyo injini ikizunguka feni hiyo inazunguka na kuirusha oili. Ya pili imeshikamana na shafti inayoingia kwenye giaboksi, na oili ikiipiga inageuka. Feni hizi hazigusani kamwe. Ndiyo sababu unaweza kusimama kwenye bariyeri, gia iko D, mguu uko kwenye breki, na injini isizime: mwiko unaendelea kuzunguka, jani umelizuia kwa kidole.

Katikati ya hizo mbili kuna feni ndogo ya tatu, steta. Hii ndiyo iliyonifanya niupende ufundi huu. Oili ikishaipiga feni ya giaboksi inarudi ikiwa imegeuka kichwa, na ingeachwa hivyo ingeipiga feni ya injini kinyumenyume na kuizuia. Steta inaipinda oili hiyo, inaielekeza upande uleule injini inakozunguka, na sasa oili inayorudi inasaidia kusukuma. Gari linapoanza kuondoka, nguvu ya kuzungusha inayofika giaboksi inakaribia mara mbili ya ile iliyotoka kwenye injini. Mwendo ukishapanda, steta haina kazi tena. Imekaa juu ya beringi inayokubali kuzunguka upande mmoja tu, kwa hiyo inajiachia na kufuatana na wenzake.

Aliyelifikiria jambo hili ni Mjerumani, Hermann Föttinger, na hakuwa na habari ya magari. Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha meli huko Stettin, mji ambao leo uko Poland, na shida yake ilikuwa meli: mtambo wa mvuke ulizunguka kwa kasi mno, panga la meli lilitaka mwendo wa pole. Hati yake ya uvumbuzi ni ya mwaka 1905. 

Sasa kasoro ya uji ni moja. Jani haliufikii mwiko. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, feni ya giaboksi inaweza kuwa kwenye 1,900. Hiyo tofauti haipotei bure, inageuka joto, na joto hilo umelilipia kituo cha mafuta. Hapo ndipo klachi yetu ilipoingia. Wazo lake ni kulifunga jani kwenye mwiko mara safari inapotulia.

Kampuni ya Packard ya Marekani iliiweka kwenye giaboksi yake ya Ultramatic mwaka 1949. Wakati ule petroli ilikuwa rahisi kwao, na watengenezaji wengi hawakuona haja. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 macho yakafunguka. Chrysler wakaileta kwenye magari yao ya mwaka 1978, wengine wakafuata, na Toyota mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa na giaboksi inayoamriwa na kompyuta, klachi ya konveta ikiwa mojawapo ya vitu inavyoviamuru.

Nilikata konveta moja iliyokufa kwa mashine ya kukatia chuma, mbele ya vijana wanaojifunza, maana chombo hiki hakifunguliwi kwa spana. Walitaka kuona, nami nilitaka waone. Baada ya feni zile kutoka, kuna sahani ya chuma, pana kama sinia dogo, imekaa kati ya feni ya giaboksi na ukuta wa mbele wa mtungi. Kwenye ukingo wake imebandikwa pete ya kitu kama karatasi ngumu, upana wa vidole viwili. Hiyo ndiyo ngozi ya klachi. Ndani kidogo kuna springi nene zimepangwa kwa duara, kwa sababu sahani ikishikana na ukuta, mipigo ya injini inapita moja kwa moja bila oili ya kuilainisha, na springi zinabeba kazi hiyo. Ile niliyoikata, pete ilikuwa nyeusi tii, imemeguka sehemu tatu, na ukuta ulioguswa nayo ulikuwa na madoa ya bluu, ile bluu ya chuma kilichochomwa. Kijana mmoja alinusa kidole chake akageuza uso.

Sahani hii haisukumwi na waya wala mkono. Inasukumwa na oili ileile. Katika giaboksi nyingi za umri wa haya magari yetu, oili ikiingia kupitia tundu la katikati ya shafti, inatokea mbele ya sahani na kuitenga na ukuta: klachi iko wazi. Kompyuta ikitaka kuifunga, inaamuru vali igeuze njia, oili inaingia kwa nyuma, inaibana sahani kwenye ukuta, na injini na giaboksi vinazunguka kama kitu kimoja. Kugeuza njia tu, basi.

Inaamuru lini? Injini iwe imeshapata moto. Gia iwe ya juu. Mwendo ufike kama kilomita 60 kwa saa. Mguu usiwe kwenye breki. Magari mapya zaidi yanafunga mapema, lakini mengi tuliyonayo yanafuata masharti haya. Ukiwa kwenye lami, kama ile ya Gatumba kuelekea Bujumbura, utaiona kwa macho: mwendo umetulia, mshale wa mizunguko ya injini unashuka ghafla kidogo, mizunguko mia mbili tatu, kana kwamba gia nyingine imeingia. Gusa breki kwa wepesi bila kuachia mafuta. Mshale unapanda tena. Umeiachisha klachi.

Haya, ndugu zangu, sasa tuje nyumbani. Nani anafika kilomita 60 kati ya Makobola na Mboko? Nani anaifikisha akipanda kutoka Baraka kwenda Fizi? Sisi tunakwenda 20, 30, tunasimama, tunapinda, tunashuka kwenye kijito, tunapanda. Masharti ya klachi ile hayatimii hata mara moja kuanzia asubuhi hadi jioni. Gari lililotengenezwa likitarajiwa kufunga klachi yake sehemu kubwa ya safari, hapa kwetu linaishi maisha yake yote ndani ya uji. Feni inarusha oili, oili inateleza, mtelezo unazaa joto, joto linapika oili. Hilo ndilo neno langu la leo: kwenye njia yetu oili ya giaboksi inazeeka kabla ya siku zake, na ikizeeka inaua klachi.

Na tukikwama kwenye matope ni balaa. Nimeona mara nyingi: magurudumu yamezama, yanageuka kwa shida, dereva amekandamiza mafuta, gia iko D, watu wanasukuma nyuma na kuimba. Injini inanguruma lakini shafti ya giaboksi karibu imesimama. Ile nguvu yote inakwenda wapi? Inabaki ndani ya mtungi. Nilipiga hesabu yangu kwa kilowati 30 tu, ambazo injini ndogo inazitoa bila shida, na kwa lita 7 za oili: joto linapanda zaidi ya nyuzi 2 kwa kila sekunde. Nusu dakika ya kukandamiza, umeongeza nyuzi 60 au 70 juu ya zile 80 au 90 ambazo oili ilikuwa nazo tayari. Ukifika 150 ngozi za klachi zinaungua na mipira ya kuzuia oili inakauka. Ndiyo maana kitabu cha Toyota, kinapomruhusu fundi kupima nguvu ya konveta kwa kuzuia magurudumu na kukanyaga mafuta yote, kinamwambia asizidishe sekunde 5. Sekunde tano! Sisi tunakaa dakika kumi. Ukikwama, baba, chimba. Tia mawe, tia matawi. Kanyaga kidogo, acha ipumzike kwenye N injini ikiwaka ili oili izunguke na kupoa, ndipo ujaribu tena.

Oili hiyo mafundi wengi wanaiita haidroliki, na wakiona rangi nyekundu wanadhani ni ileile. Zinatofautiana. Toyota za zamani zinataka Dexron, zilizofuata zinataka T-IV, za tangu katikati ya miaka ya 2000 zinataka WS, na zile zisizo na gia za hatua, za mikanda, zina yao peke yake. Tofauti iko hasa kwenye namna oili inavyoiacha klachi ishike: ikishika kwa kurukaruka, gari linatetemeka. Niliwahi kununua chupa isiyo na karatasi, nikaambiwa ni ya giaboksi yoyote. Wiki ya tatu nilikuwa ninaitoa yote. Sikurudia.

Kutetemeka huko kuna historia ya kudanganya watu. Mwenye gari Dar es Salaam akiwa kwenye lami anahisi, kwenye mwendo wa 60 hadi 80 na mguu ukiwa mwepesi, kama anapita juu ya matuta madogo ya barabarani. Anashtuka, anakwenda gereji. Sisi huku gari linatetemeka saa zote. Mashimo, mawe, matuta ya mvua. Ugonjwa unaingia na kukomaa, nasi tunailaumu njia. Ukipata nafasi ya kwenda kwenye lami na gari lako, itumie: sikiliza kwenye mwendo huo. Ukiusikia mtetemo, gusa breki kidogo. Ukikatika papo hapo, umempata mwizi, na mara nyingi kubadilisha oili tu kunamfukuza.

Sasa nisimulie jambo ambalo limegharimu watu wetu pesa nyingi kuliko jingine. Gari linatembea vizuri, likisimama linazima. Unawasha, linawaka mara moja, ukitia D linazima tena. Dereva mmoja wa hapa alizunguka na gari la namna hiyo muda mrefu. Wakambadilishia plagi. Wakambadilishia kichujio cha petroli. Wakasafisha njia ya hewa. Mwishowe akaambiwa injini imechoka. Aliponiletea nilimwambia jambo moja: kabla hujasimama, tia N. Akazunguka nalo mpaka sokoni na kurudi, halikuzima hata mara moja.

Unaona? Injini ilikuwa nzima. Klachi ya konveta ilikuwa imeganda ikiwa imefunga. Jani limefungwa kwenye mwiko, ukilishika jani umeushika mwiko. Ni sawasawa na mtu wa kanyagio tatu anayesimama bila kukanyaga klachi. Vali inayogeuza njia ya oili ilikuwa imekwama kwa uchafu uliotoka kwenye oili iliyoungua. Tulifungua kifuniko cha chini cha giaboksi, tukasafisha vali, tukabadilisha kichujio na oili. Giaboksi hiyohiyo inapita hapa Mboko hadi leo.

Na kinyume chake kipo: klachi isiyofunga kabisa. Hapo angalia vitu vidogo kwanza. Swichi ya taa za breki ikiharibika na kuacha taa zinawaka nyuma, kompyuta inadhani mguu wako uko kwenye breki muda wote, na haifungi klachi ng'o. Swichi hiyo ni ya bei ndogo kupita kiasi. Kwenye Toyota nyingi, taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe bila wewe kugusa kitufe, gari linakuita: limeandika kosa, na fundi mwenye ujuzi anaweza kulisoma.

Maji ndiyo adui wa mwisho. Oili ya giaboksi inapozwa ndani ya tangi la rejeta, kwa mabomba mawili. Rejeta ikitoboka kwa ndani, maji yanaingia kwenye oili, oili inakuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa rangi, na ile pete ya karatasi inavimba na kubanduka. Kuna mtindo wa kufunga rejeta ya gari la kanyagio tatu, isiyo na nafasi ya kupoza oili, kisha mabomba mawili yanaunganishwa kwa mpira, oili inazunguka bila kupoa. Huo ni uuaji. Na tukumbuke mafuriko. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipovunja Uvira, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipopanda mpaka kwenye nyumba za watu, magari yalipita ndani ya maji. Giaboksi ina kijitundu cha kupumulia juu yake. Ikiwa moto na ikazama ghafla, inapoa na kuvuta maji kupitia hapo. Ukishavuka maji marefu, itazame oili siku hiyohiyo.

Na kusukuma? Tunapenda sana kusukuma. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, hata kije kijiji kizima, kwa sababu pampu ya oili inazungushwa na mtungi wa konveta, na mtungi unazungushwa na injini. Injini ikilala hakuna shinikizo, hakuna kinachoshikana na kingine. Kwa sababu hiyohiyo usilivute kwa kamba mwendo mrefu magurudumu yanayosukuma gari yakiwa chini: giaboksi inazunguka kavu.

Kwa njia hii yetu mimi nabadilisha oili kila mwaka kabla mvua za Septemba hazijaanza, au kila kilomita 40,000, lolote litakalotangulia. Ukifungua nati ya chini haitoki yote, kiasi kikubwa kinabaki ndani ya konveta, kwa hiyo narudia mara mbili, gari likiwa limetembea kidogo katikati. Mtu akikwambia oili hiyo ni ya maisha, maisha anayoyasema ni ya lami ya Japani.

Basi kesho asubuhi, kabla hujabeba abiria, fanya hivi. Pasha gari moto. Likiwa mahali palipo tambarare, mguu kwenye breki, pitisha gia zote, rudisha P, usizime. Chomoa stiki ya giaboksi, uifute kwenye karatasi nyeupe, uirudishe, upime kwenye alama ya moto. Kisha itazame ile karatasi na uinuse. Ikiwa nyekundu, safari njema. Ikiwa na rangi ya kahawa na inanuka kama ugali ulioungua, usiende Uvira na gari hilo kabla ya kubadilisha oili. Na fundi akikwambia giaboksi imekufa, mwombe akuonyeshe karatasi kama hiyo kabla hujatoa hata faranga moja.